Nyuzi za Wenye Nyumba

Kwenye dirisha la jiko moja, buibui Siwema alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kusuka utando wake, mara Mwinyi Nyigu akatua mbele yake bila hata hodi, mwiba nje.

"Nyumba hii nimeipenda. Nahamia leo. Toka, au nikuchome!"

Bahati iliyoje, kufukuzwa na mtu mwenye adabu namna hii! Siwema akainama.

"Nyumba ni yako, bwana. Nichukue tu vitu vyangu."

Akapita juu ya nyuzi zilizonyooka, taratibu, mpaka katikati.

"Wewe! Mbona hukanyagi zile za mduara, zinazometameta?"

"Mimi, bwana? Hizi nyoofu ndizo zetu watumishi. Zile ni za mwenye nyumba."

"Na mwenye nyumba ni nani?"

"Si wewe?"

Nyigu akajitutumua, akazirukia zile zinazometameta kwa miguu yote. Alipotaka kuinua mmoja, ukagoma. Akapiga mabawa, nayo yakanata.

"Mbona sitoki?"

Siwema alikuwa akimjia polepole juu ya nyuzi kavu za watumishi, huku akivuta uzi mpya wa kumfungia.

"Utoke uende wapi tena, bwana? Si umehamia?"