Nyati Amvizia Uchovu

Enzi zile wanyama walipokuwa na nyumba zao, majiko yao na majirani zao kama sisi, Nyati alikuwa na uwanja wa kutwangia mpunga. Uwanja wenyewe, wanangu, haukuwa na kivuli hata cha kumtosha kuku. Wafanyakazi walitwanga wamesimama toka jua linachomoza mpaka linazama, na mtungi wa maji uko bondeni huko. Nyati alikaa barazani akijipepea.

Siku moja Punda alisinzia mchi ukiwa mkononi. Ukamponyoka, pu! Mpunga ukamwagika.

"Mvivu huyu," Nyati akanguruma. "Akisinzia tena, namfukuza yeye na wanawe."

Kindi alikuwa pembeni akipepeta. Roho ikamuuma. Punda alikuwa jirani yake, na hakuwahi kumwona akikwepa kazi. Akajikuna sikio, akafikiri, akaweka ungo chini na kupanda barazani.

"Shikamoo, Bwana Nyati."

"Marahaba. Umeacha kazi?"

"Nimekuja kukutonya. Uwanjani kwako kuna mdudu anaitwa Uchovu. Ndiye anayekuharibia kazi."

"Mbona mimi sijamwona?"

"Hapandi barazani, bwana. Huwavizia wanaotwanga. Sisi wadogo hatumwezi, anataka mwenye shingo kama yako."

Nyati akavimba kwa sifa. "Nitamkamata vipi?"

"Kesho shika mchi wa Punda, utwange kama yeye. Usikae, usinywe maji, usiende kivulini, asije akakushtukia. Akitokea, niite."

Kulipokucha Nyati akaanza. Twa, twa, twa! Akaimba na wimbo pia. Jua lilipopanda, wimbo ukakatika. Saa sita ulimi ulikuwa nje.

"Kindi, mbona haji?"

"Yuko karibu, bwana. Endelea tu."

Twa... twa... Magoti yakatetemeka, mgongo ukawaka moto, macho yakajifumba. Mara Nyati chini, pwaa, juu ya lundo la pumba!

Kindi akamsogelea sikioni. "Bwana, umemkamata?"

Nyati akafumbua jicho moja. "Yeye ndiye aliyenikamata. Kanishika miguu, kanishika mgongo. Jamani, anatoka wapi huyu?"

"Anatoka juani, bwana. Anatoka kwenye kiu, na kwenye kusimama kutwa nzima."

Nyati akamtazama Punda, akamtazama Kindi, akatambua kwamba amechezewa na kinyama kisichofika hata gotini kwake. Tumbo lake likaanza kutikisika. Kumbe anacheka. Wengine nao wakaangua kicheko, mpaka mwenzao Ngiri akadondosha ungo.

"Punda, ndugu yangu, niinue," akasema Nyati. "Halafu twende tukakate nyasi za kuezekea banda."

Banda likajengwa, maji yakaletwa karibu, na kila adhuhuri kazi ikasimama. Mpunga haukupungua; ulizidi. Na ungepita pale mchana, ungewakuta Nyati na Punda kwenye mkeka mmoja, wakikoroma kwa zamu.

Basi, wanangu, kabla hamjamwita mtu mvivu, simameni kwanza pale anaposimama yeye.