Vyote Vitokavyo Kilimani

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani zile ambazo wanyama walikuwa na nyumba zenye milango, na milango yenye funguo, na funguo zenye kupotea, aliishi pimbi mmoja jina lake Mashavu.

Pimbi mnamjua? Ni yule mnyama wa mawe mawe, mdogo kama paka, mkia hana, na masikio yake ni kama yamekatwa na fundi mwenye haraka. Lakini mdomo! Mdomo alikuwa nao.

Bi Mashavu aliishi na bintiye Kidawa chini ya kilima cha Munyu. Kilima hicho kilikuwa cha chumvi. Tangu enzi za babu wa babu, mnyama akitamani chumvi alikuja, akalamba mara tatu nne, akashukuru, akaenda zake. Hakuna aliyeuliza kilima ni cha nani. Chini yake kilipita kijito, kikiitwa Mnyemelo kwa sababu kilipita kimya kimya kama mgeni asiyetaka kusumbua. Majirani wote walichota humo.

Basi siku moja, ndi! ndi! ndi! Ardhi ikatikisika. Sufuria za Bi Mashavu zikaanguka, kwaa! Alipotoka nje akamkuta Bwana Ndovu amesimama uwanjani, na nyuma yake Kifaru, msimamizi wake, karatasi imechomekwa kwenye pembe.

"Ndugu majirani," akasema Ndovu, "nimewaletea maendeleo!"

Bi Mashavu akachungulia nyuma ya miguu yake mikubwa. "Yako wapi, Bwana mkubwa?"

"Yanakuja."

"Aaa. Yanakuja kwa miguu?"

Majirani wakacheka. Ndovu naye akacheka kidogo, maana alikuwa mtu wa adabu, kisha akamwambia Kifaru asome. Kifaru akasoma. Karatasi ilisema kwamba, kwa kuwa hakuna aliyewahi kwenda barazani kuandikisha kilima cha Munyu, na kwa kuwa Bwana Ndovu amekwenda, basi kilima ni mali ya Bwana Ndovu, "pamoja na vyote vitokavyo kilimani."

Mama Chura, jirani yake Mashavu, akaruka mbele. "Jamani! Mbona sisi tupo hapa tangu zamani?"

"Mpo, mama," akasema Ndovu kwa upole. "Lakini hamkuandikwa."

Akaahidi shule. Akaahidi zahanati. Akaahidi barabara nyeupe pe, iliyonyooka kama mkuki. Wengine wakapiga makofi. Hata Bi Mashavu alipiga, mara mbili hivi, kwa sababu Kidawa alikuwa amefika umri wa kusoma.

Kazi ikaanza. Asubuhi ni kuchimba, mchana ni kuosha. Chumvi ilioshwa pale pale kijitoni, ikapakiwa kwenye migongo ya nyati, ikaenda mbali. Magunia yalipita, shule haikupita. Barabara ilichongwa kweli, ila ilianzia kilimani ikaishia kwa Ndovu.

Na Mnyemelo? Mwezi wa kwanza maji yakawa kama maziwa. Mwezi wa pili yakawa kama uji wa ulezi. Mwezi wa tatu yakawa na rangi isiyo na jina, na ukitia mguu, bwata! unazama kwenye tope linalonuka kama yai viza. Samaki wakaelea matumbo juu. Mama Chura alitaga mayai mia mbili, halikuanguliwa hata moja. Kidawa akaota upele mwili mzima, akawa anajikuna mpaka usingizini.

"Mama, inawasha," alilia.

Bi Mashavu akampaka majivu na mafuta. Moyo ulimuuma mpaka maneno yakamwishia, na kwa Mashavu jambo hilo halikuwa dogo. Asubuhi akavaa kanga yake nzuri, akaenda kwa Ndovu.

Alimkuta barazani kwake, ameketi kwenye kiti cha gogo, anakunywa maji safi ya kisima alichochimba ndani ya ua wake.

"Hodi, Bwana mkubwa."

"Karibu, Bi Mashavu. Habari za huko chini?"

"Za huko chini zimejaa tope. Naomba tope lako uliondoe kijitoni. Mtoto wangu anaumwa."

Ndovu akashangaa, masikio yakapepea, pwaa! "Tope langu? Mama, mimi nachimba chumvi. Je, umewahi kuniona nikiuza tope? Tope ni kazi ya mvua."

"Mvua haijanyesha miezi minne."

"Basi ni kazi ya Mungu mwenyewe," akasema Ndovu, akamimina maji mengine. "Nani awezaye kumshitaki Mungu?"

Bi Mashavu akaaga. Anafika getini tu, mara sauti: "Simama hapo!" Alikuwa Kifaru.

"Kuna nini tena, Bwana Kifaru?"

"Umepita kilimani ukija huku?"

"Ndiyo njia pekee mliyotuachia."

"Basi miguu yako ina vumbi la chumvi. Kung'uta!"

"Vumbi?"

"Vumbi! Karatasi inasema vyote vitokavyo kilimani ni vya Bwana Ndovu. Hata punje. Hata vumbi. Ukitoka nalo ni wizi. Kung'uta!"

Bi Mashavu akakung'uta mguu wa kwanza, pu pu pu. Akakung'uta wa pili. Aibu ilimpanda, machozi yakamlenga. Alipofika mguu wa tatu akasimama kidogo. Akautazama mguu wake. Akamtazama Kifaru.

"Hebu rudia, Bwana Kifaru. Vyote?"

"Vyote!"

"Hata kisichouzika?"

"Nimesema vyote! Huna masikio?"

"Ninayo, ila madogo," akasema Bi Mashavu. Akakung'uta mguu wa nne kwa bidii nyingi, akaondoka huku mabega yakitikisika. Kifaru alidhani analia. Kwi kwi kwi! Hakuwa analia.

Siku ya tatu yake ilikuwa siku ya baraza. Wanyama walikusanyika kwenye mawe bapa ya Mwandege, mbele ya Hakimu Twiga. Huyu Twiga alikuwa mwadilifu, ila kesi zake zilichelewa, kwa sababu maneno yalihitaji muda kuipanda shingo ile na hukumu ilihitaji muda kuteremka. Pembeni alisimama Karani Tamba, yule ndege mwenye manyoya kama kalamu zilizochomekwa nyuma ya kichwa.

Bi Mashavu akatokea, na mitungi saba imebebwa na majirani. Kila mtungi umefunikwa kwa kawa jipya, umefungwa kwa kamba vizuri kabisa kama zawadi ya harusi.

"Mheshimiwa Hakimu, nimeleta shitaka."

"Unamshitaki nani?" sauti ikashuka kutoka juu.

"Najishitaki mwenyewe."

Baraza zima: "Haa!"

"Nimekutwa na mali ya Bwana Ndovu, Mheshimiwa. Iko nyumbani kwangu. Iko chini ya kitanda, iko jikoni, iko mpaka kwenye kikombe cha mwanangu. Usingizi siupati kwa hofu ya kuitwa mwizi. Nimeona niirudishe mbele ya sheria."

Ndovu, aliyekuwa amekaa mbele kabisa, akanyanyuka haraka. "Mali yangu? Mali gani?"

"Iliyotoka kilimani, Bwana mkubwa. Mitungi hii saba ni ya kuanzia tu. Majirani nao wanayo. Ukiipakia yote, nyati wako hawatoshi."

Macho ya Ndovu yakameta. "Nilijua! Nilijua tu! Kila siku nasema magunia hayatimii!"

Kifaru akanong'ona, "Bwana, tufungue kwanza tuone."

"Tuone nini? Kilichotoka kilimani si kinajulikana?"

Bi Mashavu akainama kwa heshima. "Bwana mkubwa ana haki. Lakini mimi ni mnyonge, naogopa kesho nikaambiwa nimerudisha nusu. Namwomba Karani aandike maneno ya mwenye mali, ili kila mtu ajue mpaka wake."

"Aandike!" akanguruma Ndovu.

Karani akachomoa kalamu.

"Je," akauliza Bi Mashavu, "kilichotoka kilimani kikafika nyumbani kwangu, ni cha nani?"

"Changu!"

Kwaru kwaru kwaru, kalamu ikaenda.

"Na kama hakikuletwa na mkono, ila kimechukuliwa na maji?"

"Changu! Maji yamekibeba tu, hayakukinunua."

Kwaru kwaru.

"Na kama kimefika mbali, mpaka mtoni, mpaka mashambani kwa watu?"

"Hata kingefika mwisho wa dunia! Ni changu, mimi, Ndovu, na si cha mwingine yeyote. Lete hiyo karatasi!" Akainua mguu wake, akaugandamiza kwenye karatasi, puu! Huo ndio ulikuwa muhuri wake.

Bi Mashavu akashusha pumzi. Moyo wake ulikuwa unadunda mpaka akadhani Twiga atausikia kule juu. "Basi, Mheshimiwa Hakimu, naomba mwenye mali akabidhiwe."

Mama Chura akakata kamba. Ndovu, kwa tamaa, akautia mkonga mzima ndani ya mtungi wa kwanza. Chubwi!

Uuuuwi! Mkonga ukatoka mweusi ti, unadondosha tope. Harufu ikatanda uwanjani. Wanyama wakaziba pua, hata Karani akaziba kwa karatasi aliyoishika, kisha akakumbuka ni ushahidi akaishusha.

"Nini hiki?" Ndovu akapiga chafya, chyaaa! na mstari wa mbele wote ukapata fungu lake.

"Mali yako, Bwana mkubwa," akasema Bi Mashavu kwa sauti ya upole kama asali. "Imetoka kilimani, imechukuliwa na maji, imefika nyumbani kwangu. Sijapunguza hata tone."

"Hii si mali! Hili ni tope!"

"Karani, hebu tusomee," akasema Hakimu Twiga.

Karani akasoma, neno kwa neno, mpaka "mwisho wa dunia". Kila aliposema "changu", baraza likacheka upya.

"Nimetegwa!" akalia Ndovu. "Tope si langu, Mheshimiwa! Silitaki! Nalikana!"

Twiga akanyamaza. Safari hii hakuna aliyedhani ni kwa sababu ya shingo.

"Bwana Ndovu," akasema, "chumvi na tope vimetoka kwenye shimo moja, na unavidai kwa mstari mmoja wa karatasi moja. Ukilikana tope, nitaufuta mstari huo, na chumvi nayo itakuwa si yako. Ukiitaka chumvi, tope ni lako, na madhara ya tope ni yako. Chagua. Baraza linangoja."

Ndovu akamtazama Kifaru, Kifaru akatazama mawingu. Ndovu akawatazama majirani: mabaka kwenye ngozi zao, macho yao mekundu. Halafu akamwona Kidawa amekaa juu ya jiwe, anajikuna mkono kwa mkono mwingine bila kelele, kama kitu alichokwisha kukizoea. Ndovu alikuwa na tamaa, ndiyo, lakini alikuwa na watoto pia. Masikio yakamlegea.

"Ni... langu," akasema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia ikitoka kwenye mwili ule.

"Sema kwa nguvu, Karani anaandika."

"Tope ni langu!"

Basi hukumu ikateremka. Ndovu atazoa tope lote kijitoni, kuanzia chini ya kilima mpaka lilikoishia. Chumvi itaoshwa mbali na Mnyemelo, kwenye mashimo yaliyosakafiwa. Mpaka maji yatakapotakata, kila nyumba itapelekewa maji ya kisima cha Ndovu, na wagonjwa watatibiwa kwa gharama yake. Na majina ya majirani wote yataandikwa kwenye karatasi ya kilima, ili yeyote atakaye kuchimba awaulize kwanza, na kwenye kila kinachopatikana wapate fungu lao.

"Na kulamba?" akauliza Bi Mashavu haraka. "Kulamba mara tatu nne?"

"Nne," akasema Hakimu. "Tano siku za sikukuu."

Kazi ya kuzoa ilichukua masika mawili. Majirani walitoka kila asubuhi kumtazama Ndovu akivuta tope kwa mkonga, na Kifaru akipita na ndoo inaning'inia kwenye pembe. "Polepole, Bwana Kifaru!" Bi Mashavu alimwambia. "Usimwage, ni mali ya watu hiyo!" Kifaru alikasirika sana mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili alianza kucheka.

Upele wa Kidawa ulipona, ukaacha alama mbili shingoni. Samaki walirudi, ila si wote. Mama Chura alitaga tena, mayai mia, wakaanguliwa watoto themanini, na kelele walizopiga usiambiwe. Shule nayo ilijengwa hatimaye, karibu na barabara, ambayo sasa ilifika mpaka kwa watu.

Nanyi wanangu, mkikua mkapata kilima chenu, kumbukeni: adaiye asali ni yake, na nyuki ni wake.