Leso Mbele ya Rejeta

Wapendwa, nipeni dakika chache niwaeleze habari ya gari. Wazee wa kanisa, msiniangalie hivyo, nitarudi kwenye Neno.

Alikuwapo bwana mmoja aliyelipenda gari lake kupita kiasi. Alilinunua likiwa la kawaida, akaona halimtoshi. Akang'oa injini, akaweka kubwa zaidi. Akamaliza injini, akahamia kwenye ekzosi, magurudumu, viti, hadi usukani. Hata ile feni inayokaa nyuma ya rejeta na kuvuta hewa ya mbele ili injini ipoe, aliitoa akaweka feni kubwa ya umeme kutoka gari jingine. Waya aliziunga mwenyewe, maana alikuwa hodari, na alijua kuwa ni hodari. Likipita mtaani, watu wanaacha kula.

Shida ilikuwa moja. Kila akipanda mlima, taa ndogo nyekundu kwenye dashibodi inawaka: injini inachemsha. Anasimama, anafungua boneti, anachungulia. Maji yapo. Hakuna panapovuja. Feni inazunguka, tena kwa mlio wa kutisha. Akabadilisha rejeta, taa ikawaka. Akabadilisha pampu ya maji, taa ikawaka. Mwishowe akakata shauri kwamba gari ni zima, mgonjwa ni taa.

Na kesho yake alikuwa anampeleka mama yake mzazi na watoto wake watatu Njombe. Wengi wenu mnaijua Kitonga. Mnaujua ule mlima, malori mbele, malori nyuma, korongo ubavuni. Hakutaka taa imuumbue pale, mama aanze kukemea mapepo ndani ya gari. Basi akaenda kwa fundi wa umeme wa magari, mwanamke aliyesifika kwa kazi yake.

"Dada, nikatie waya wa hii taa. Inasema uongo."

"Umejuaje kama ni uongo, kaka?"

"Si feni hiyo inazunguka? Isikilize mwenyewe."

Fundi hakubishana naye. Alimwambia awashe gari, wakangoja mpaka injini ikapata moto na feni ikaanza kuunguruma. Hakushika hata spana. "Una leso? Haya, iweke hapa mbele ya rejeta, halafu uiachie."

Feni ikivuta hewa ndani, leso hunata palepale, haianguki. Bwana akaiachia. Leso ikaruka, ikampiga kifuani. Akadhani ni upepo. Akaiweka tena, akaiachia, na tena ikamrudia.

"Waya za hasi na chanya umezigeuza," fundi akamwambia. "Feni yako inazunguka kinyume. Upepo wa barabarani unataka kuingia, yenyewe inausukuma nje. Inavyozidi kujitahidi ndivyo injini inavyozidi kuiva."

Yule bwana alishika leso yake asijue pa kuiweka. Fundi akainama, akamwonyesha kitu kidogo ubavuni mwa injini, hakizidi kidole gumba. "Hiki ndicho kinachopima joto na kuwasha ile taa. Humu ndani umefungua kila kitu kwa mkono wako isipokuwa hiki. Kimebaki vilevile alivyokiweka aliyekitengeneza. Na hiki ndicho ulichokuja nikikate."

Wapendwa, nikifika hapo mwili unanisisimka. Mtu amebadilisha kila kitu, na katika gari zima kimebaki kitu kimoja kinachomwambia kweli, na yeye amekileta kikatwe. Mimi na wewe tuna tofauti gani naye?

Sisi nasi tumejibadilisha. Tumejiunga waya kwa mikono yetu. Tunaimba, tuko kwenye kamati, tunafunga, na mlio wetu unasikika hadi barabarani. Lakini umemjibu mkeo kwa ukali asubuhi, kitu kinakuchoma hapa kifuani. Unavaa joho la kwaya, bado kinakuchoma. Na wewe unakijibu nini? "Mbona naimba?" Ndugu yangu, hata ile feni ilikuwa inaimba.

Swali si kama unazunguka. Swali ni upepo wako unaelekea wapi. Unaingia ndani ukupoze, au unatoka nje tukuone?

Nami nastaajabu, nasema kweli nastaajabu, kwamba baada ya yote tuliyoyang'oa, Muumba wetu hajaruhusu kile kidogo cha ndani kife. Angeweza kutupigia ngurumo. Ametuwashia taa. Tumeiita mwongo miaka mingapi? Na leo asubuhi imewaka tena, haijatuchoka.

Yule bwana aligeuza waya mbili tu. Kesho yake akaipanda Kitonga na mama yake na wanawe, na taa haikuwaka. Haikukatwa, jamani. Ilinyamaza kwa sababu haikuwa na la kusema.

Yuko mtu hapa ambaye taa imemwakia sasa hivi, nikiwa nazungumza. Usiogope. Mimi namwogopea yule ambaye haioni tena. Lakini wewe unayeiona, na umekuja na koleo la kukatia waya mkononi, liweke chini. Tusimame, tuombe.