Siki Iliyogeuka Sabuni

"Mlazimisha jibu hupoteza njia." Mmeisikia kwa mwalimu wenu, mkaja kuniuliza mimi shangazi yenu imetoka wapi, huku kidole cha Gwakisa kimeshikilia ukurasa wa majibu. Mnanichosha! Haya, nisikilizeni. Chanzo chake nakijua, maana nilikuwemo darasani.

Tulikuwa kidato cha sita, mtihani wa taifa umekaribia, na kila jioni tulifanya maswali ya mazoezi ya kemia. Dawati moja na mimi alikaa Ambakisye. Huyu alitaka udaktari kuliko alivyotaka kula, na kwa udaktari kemia haina msamaha. Akili alikuwa nayo. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: akishaliona jibu, atazidisha, atagawanya, atatoa, mpaka likubali. Tuliita kulazimisha, naye tulimwita fundi. Sifa hizo zikamlevya.

Jioni moja Mwalimu Kyando alitupa maswali mawili: tutafute pH, yaani kipimo cha uasidi, ya amonia, kisha ya siki. Mnajua, au mnapaswa kujua, kwamba asidi kama siki huwa chini ya saba, na besi kama amonia au maji ya sabuni huwa juu. Akaandika majibu ubaoni ili tujisahihishe, akaenda kikaoni. Kwa haraka zake akayapishanisha: jibu la siki akaliweka kwenye amonia, la amonia kwenye siki.

Ambakisye alipata amonia kumi na moja na kitu. Sahihi kabisa. Akatazama ubao, akaona mbili na kitu, akaifuta hatua ya mwisho, ile ya besi, ya kutoa mbili na kitu katika kumi na nne. Likakubali! Hatua hiyo hiyo akaibandika kwenye siki, ambako haikuwa na kazi yoyote. Nalo likakubali. Wenzake wakanakili, wakajipa vema.

Mwalimu aliporudi alitazama madaftari, akatazama ubao, akarudia madaftari.

"Nimekosea," alisema. "Nimepishanisha majibu. Na darasa zima mmepata?"

Akalichukua daftari la fundi wetu.

"Ambakisye, siki ni asidi au besi?"

"Asidi, mwalimu."

"Mbona hapa umeandika kumi na moja? Hii ni siki ya kachumbari au ni sabuni ya kufulia?"

"Ile ya amonia nilipata sahihi kwanza, mwalimu. Ubao ukasema vingine."

"Na wewe huna mdomo wa kuniambia nimekosea?" Mwalimu akaitupa chaki mezani. "Kwenye mtihani nani atakuandikia ubaoni?"

Tulicheka. Ambakisye naye alicheka, na kesho yake akaendelea vilevile. Hapo ndipo ninapochemka mpaka leo. Mtu kaonyeshwa shimo mchana kweupe, kacheka, halafu karudi kutumbukia humo humo!

Mtihani ukaja na swali la amonia. Nilimkuta nje baadaye.

"Nilipata mbili," aliniambia. "Nikatoa, nikapata kumi na moja. Nikakaa nazo zote, dada, sijui ipi ndiyo. Nikainua macho, ubao mtupu. Nikaandika mbili."

Amonia ni besi, hilo alilijua hata usingizini. Lakini alishazoea kuuliza ubao, hakuzoea kujiuliza mwenyewe. Na maswali mengine yalimtenda hivyo hivyo. Matokeo yalipotoka, udaktari ulikuwa umempita, na kijana yule alilia mbele za watu bila kuona haya.

Mwaka uliofuata alirudia mtihani. Akimwona yeyote anafunua majibu kabla ya kuanza swali, alimfungia kitabu na kumwambia maneno haya mliyokuja kuniuliza. Darasa likayashika, shule ikayashika, mpaka yakamfikia mwalimu wenu.

Sasa wewe Gwakisa, nimesema mpaka koo limekauka na kidole bado kiko pale pale. Kitoe! Ubao wako pia utakuja kuwa mtupu. Mlazimisha jibu hupoteza njia.