Kengele ya Mji wa Wateule

Sogeeni karibu, wanangu, msikilize. Wateule walivuka bahari, wakajenga mji wenye ukuta, na nje kulikuwa na zimwi. Ili uishi ndani, ilibidi usimulie kanisani ulivyoisikia sauti ya Mungu. Kengele ya ajabu ililia yenyewe kila mtu aliposema uongo.

Faraja, mjane mwenye mtoto mgongoni, aliulizwa mara tatu.

"Sijaisikia, mzee wangu," alijibu mara zote tatu. "Nimeona majirani tu wakinigawia uji."

Kengele ikanyamaza.

"Sisi wazee tumeisikia!" alifoka Gavana Adili.

Kengele ikalia mpaka paa likatikisika.

"Mnaona? Mchawi huyu ameiroga! Mtoeni!" akaamuru Gavana.

Bawabu alimpa Faraja mkate, akamfunika mtoto vizuri, kisha akafunga lango.

Asubuhi waliukuta mkate tu.