Udi wa Mzee Mselem

Wahenga walisema anayecheza mbele ya watu wake hatoki mikono mitupu. Asiyesadiki angekuwapo Jeddah mwaka ule wa 2014, siku ya hina ya bibi harusi Safa. Lo, angesadiki mwenyewe!

Babu yake Safa, Mzee Mselem, enzi za Mwingereza alikuwa moto wa kuotea mbali kule Unguja. Asubuhi akiandika vichekesho gazetini, jioni akiviimba kwa udi wake wa nyuzi. Bwana Shauri mmoja, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, alimwita akamkemea. Wiki iliyofuata makemeo yenyewe yakawa wimbo! Sasa kichwa kilikuwa cheupe kama pamba, naye amehamia karibuni kwa mwanawe Hamad, karani wa bandarini Jeddah. Safa, binti wa Hamad na mzaliwa wa Jeddah, hakuwahi kumsikia akipiga, na hilo lilimkereketa mzee kama mwiba kooni.

Tatizo lilikuwa Riyadh. Mwezi uliotangulia mzee alipiga huko kwenye karamu ya bosi wa Hamad, akafasiri vichekesho vyake kwa Kiarabu. Wageni wakamkodolea macho kama wanaopokea taarifa ya msiba. "Halas, yatosha, ami, pumzika," mmoja akamwambia. Hamad alitamani ardhi immeze.

"Baba, leo huo udi usiguswe," Hamad alisema siku ya hina. "Usinitie aibu tena."

"Mwingereza hakuninyamazisha, seuze wewe niliyekuogesha!"

Truphena, binti wa Kenya aliyefanya kazi humo nyumbani, alicheka. "Babu, yalla, twende! Udi nabeba mimi. Akigomba, atagombana na sisi wawili."

Baada ya alasiri, sebule ikiwa imejaa jamaa, mzee akakaza nyuzi, akaanza:

"Punda kaoga sabuni, kapita mbele kwa enzi,
Sisi tuko folenini, tunafukuzana na nzi!"

Wageni walimtazama Hamad kwanza, kama wanaoomba ruhusa ya kucheka. Mzee hakuacha. Akaurudia ubeti, kwa sauti kubwa zaidi.

Jikoni kicheko kikapasuka. Truphena akatoka akijitikisa, akachomeka riali kwenye kofia ya mzee. "Wah! Babu, huyo punda ameniua!"

"Ndiye punda wa gazetini!" Bi Wahida, shangazi mkongwe, akaruka. "Tulimsoma skuli, tukachapwa kwa kumcheka!" Naye akaenda kutunza, vigelegele juu.

Safa alikuwa akilia na kucheka, viganja vyote vimejaa hina mbichi. "Baba, mimi sishiki kitu. Nenda ukamtunze Babu kwa ajili yangu!"

Macho yote yakamgeukia Hamad. Akasimama mzito kama gunia, akatoa noti, akapiga hatua moja. Ya pili, mabega yakamsaliti, yakacheza. Alipofika mbele ya baba yake, alikuwa akiimba wimbo wa punda kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kweli, mcheza kwao hutunzwa.