Mzani wa Watoto

Kwaru, kwaru. Gizani, kabla jogoo hajawika, kijiko kilikuwa kikikwangua kitako cha kopo. Mshonaji mmoja, mama wa mtoto wa miaka mitatu aliyekonda kama sindano, alikuwa akitafuta uji wa asubuhi. Unga wa lishe, ulioandikwa kilo mbili kwenye pakiti, ulipaswa kumfikisha Jumapili. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Haba na haba hujaza kibaba, wahenga walituusia, ili tujifunze kuweka akiba. Hawakutuambia kwamba mwizi naye ana kibaba chake.

Aibu ilimwelemea mshonaji kuliko njaa. Mama mkwe alikuwa amekwisha kunong'ona kwa majirani kwamba mkazamwana wake anakula cha mtoto. Nesi wa kliniki naye alimwonya mbele ya foleni nzima kuwa uzito ukishuka tena, jina lake litapelekwa ustawi wa jamii, na huenda mtoto akachukuliwa. Aliyameza maneno hayo kama mtu aliyemeza mwiba.

Asubuhi hiyo alinunua pakiti nyingine katika duka linalotazamana na kliniki, akaingia. Mtoto akaning'inizwa mzanini. Mshale haukufika hata pale ulipofika mwezi uliopita. Nesi akaguna.

"Mama, leo sema kweli. Unga unakwenda wapi?"

Mshonaji alimtoa mwanawe kwenye mfuko wa mzani, akaitumbukiza humo ile pakiti, haijafunguliwa. Mshale ukasimama kwenye kilo moja na nusu.

"Haya, niulize tena," alisema, akiuonyesha mshale kwa kidole.

Nesi aliujaribu mzani kwa jiwe lake la kupimia, akaukuta sawa. Akina mama wengine waliokuwa wamenunua unga uleule wakatoa pakiti zao, na kila moja ikakomea palepale. Nesi akaomba radhi mbele ya foleni ileile iliyosikia shutuma zake, kisha akampigia simu mkaguzi wa vipimo.

Mkaguzi alikuwa mtu asiye na maneno mengi. Alieleza kuwa mwenye kiwanda cha unga huo, ambaye mtaani walimwita Tajiri Lishe, alikwisha kuponyoka kesi kama hiyo kwa kudai kuwa mashine ilikosea pakiti moja tu. Safari hii zilihitajika nyingi, za maduka mbalimbali, na zisifunguliwe. Hapo ndipo palipokuwa na mtihani, maana kutoa pakiti ni kumnyima mtoto uji. Muuza mkaa mmoja, naye mama wa foleni ile, alifoka kwamba kesi hailiwi. Mshonaji akatanguliza yake mezani, na siku hiyo mwanawe akanywa uji wa kuazima. Muuza mkaa akasonya, akaiweka yake juu. Wengine wakafuata, leo huyu, kesho yule, hadi meza ya mkaguzi ikajaa.

Mahakamani Tajiri Lishe aliingia na suti na tabasamu. Alijitetea kwamba unga hukauka njiani, ukapungua kidogo. Hakimu alilitazama lile rundo.

"Unga wa maduka yote haya umekauka ukakomea mahali pamoja?"

"Mheshimiwa, ni gramu chache tu. Nani amekufa?"

Mwendesha mashtaka akainuka, macho yamemwiva. "Gramu hizo ni vijiko vya watoto, bwana. Ghorofa lako limejengwa kwa vijiko."

Tajiri Lishe alitiwa hatiani. Alipewa kifungo na faini, na kiwanda chake kikatiwa kufuli. Alikuwa amejaza kibaba chake kwa uji wa watoto. Mama zao nao wakakijaza cha haki, pakiti kwa pakiti. Naam, haba na haba hujaza kibaba.

Tajiri Lishe alipopitishwa na askari mlangoni, mtoto wa mshonaji alimnyooshea kidole kutoka begani kwa mama yake, akasema kwa sauti, "Mama, huyu ndiye aliyekula uji wangu."